Matangi Mawili Bandani kwa Mama

Hadley Gore, Vermont
Tarehe 19 Februari

Dada yangu Avis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limeacha kukunyima usingizi na shemeji Dwight amesharudi kwenye gofu lake. Huku kwetu tunapumua. Theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, na jana asubuhi kipimajoto cha Mama kilisoma ishirini chini ya sifuri. Yeye mwenyewe hajambo, anakusalimu sana. Anasema mabalungi uliyotuma kutoka Arizona yamefika salama, moja tu lilipasuka, na amelila hilo kwanza ili lisije likaoza na uchungu wake.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Wiki hii nimeinua simu mara tatu na mara tatu nimeirudisha. Kuna maneno ambayo mdomo wangu umeyagomea, labda mkono utayakubali. Ninakuomba jambo moja tu: zile karatasi za wakili, ile ya kumshtaki Rosaire Gadbois na ile ya kumpeleka Mama makao ya wazee, usizitie sahihi mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukishamaliza, fanya utakavyo. Wewe ndiye mkubwa.

Nitaanza mwanzoni, na nitakueleza mambo kama nilivyoyaona siku zile, kwa macho yale yale niliyokuwa nayo. Nikianza kujipamba hutanielewa.

Gadbois humjui vizuri, maana alikuja huku ukiwa umeshahama. Ndiye aliyenunua nyumba ya kina Stebbins ng'ambo ya kijito, miaka sita iliyopita. Mzaliwa wa Quebec, fundi wa kuchomelea vyuma, ana miaka sabini na moja na mikono mipana kama sepetu. Hana mke, hana mtoto, na hakuna aliyewahi kuona gari la mgeni uani kwake. Mtu asiye na jamaa, watu humtungia hadithi. Wapo waliosema alifungwa. Wapo waliosema kuna mzee aliyekufa huko alikotoka akamwachia shamba zima, na watoto wa yule mzee wakabaki kutazamana.

Mwezi wa Septemba nilipita kwa Mama nikakuta uani matangi mawili ya gesi, yale makubwa ya kuwekwa nje ya nyumba, kila moja refu kuliko gari langu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebanduka, na kutu imechora ramani ubavuni. Yamelazwa juu ya magogo. Gadbois alikuwa amechuchumaa upande mmoja, na Mama, akiwa ndani ya koti la Baba, ameshika ncha ya pili ya futi kamba. Nikauliza hiki ni nini. Mama akajibu neno moja: "Joto."

Gadbois ndiye aliyefafanua. Alisema boila la kuni la Baba, lile la chumba cha chini, halina ubaya wowote, ila halijui kiasi. Likiachwa liwake kwa nguvu, nyumba inakuwa tanuri. Likibanwa, linatoa moshi mzito na kuziba bomba la moshi kwa lami. Ndiyo maana Mama, na miaka yake themanini na miwili, alikuwa akiamka usiku kulichochea kama mtu anayenyonyesha. Sasa, akasema, tukiyajaza matangi haya maji na kuyaunganisha na boila, Mama atawasha moto mmoja tu asubuhi, mkali, bila kuubana. Maji yatabeba joto lote, na nyumba italinywa kidogo kidogo hadi kesho yake. Matangi mapya ya kazi hiyo yana bei ya kutisha. Haya ameyatoa kwenye yadi ya vyuma chakavu kabla hayajakatwa.

Nikamuuliza atalipwa nini. Akasema, "Mimi na mama yako tumeshaelewana." Mama akatazama mawingu.

Hapo ndipo funza aliponiingia, dada. Hakuna mtu anayebeba chuma cha tani nzima kwa ajili ya mjane, halafu akasema tumeelewana, bila kuwa na lake moyoni. Ndivyo nilivyowaza.

Nikaanza kumchunguza. Alizing'oa koki za juu, akayajaza matangi maji ya kijito, akayamwaga, akayajaza tena, mara tatu, ili kufukuza mabaki ya gesi kabla hajawasha moto wa kuchomelea. Hata hivyo siku alipoyaingiza kwenye banda la kuni akaanza kuyatoboa, banda zima lilinuka kicheche. Nikamwambia gesi bado imo, utamlipua mama yangu. Akainua kioo cha uso akanieleza taratibu kwamba gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo huwekwa kiwandani ili watu wajue gesi ikivuja, nao hukwama ndani ya chuma miaka mingi. Halafu akasema, "Harufu haiui, Merrill. Kinachoua ni kile usichokinusa."

Yeye alikuwa anaeleza kazi. Mimi nilisikia kitisho, na nikaenda nacho nyumbani.

Akawa anakuja kila siku. Analetewa kahawa bandani, analeta pai zake za nyama za Kifaransa, wanakula pamoja jikoni. Nikiwa bado ukumbini ninavua mabuti namsikia Mama akimtania, "Gadbois, hilo tangi lako limenuna kama mama mkwe," naye anajibu, "Ngoja linywe maji ya moto, litacheka." Nikiingia, utani unakatika. Mama anauliza barabara zikoje. Siku moja nikaona glavu za Baba mikononi mwa Gadbois. Siku nyingine nikamwona anatoa ufunguo wa mlango wa nyuma mfukoni mwake mwenyewe. Dukani, Idella Pike akanitolea macho juu ya mashine yake ya hesabu akasema, "Mwanaume hamchomelei mjane matangi mawili kwa kahawa, Merrill. Chunga urithi wako." Watu wakacheka. Mimi nilicheka nao.

Mwezi wa Novemba mfumo ukawashwa. Nilikuwepo. Mama aliweka kiganja juu ya tangi, akakishusha hadi katikati, akakishusha hadi chini, akatuambia joto limefika wapi kama daktari anayempima mtoto. Wiki ile alinipigia simu kazini, jambo ambalo hafanyi, akaniambia, "Nimelala hadi saa kumi na mbili asubuhi, Merrill! Kama msichana!" Mtoto mwema angefurahi. Mimi nilisema vizuri, nikakata simu, nikakaa ndani ya gari la kusukumia theluji nikitazama usukani. Miaka minne nilikuwa nikimwambia kwamba nitamshughulikia lile boila msimu ujao.

Kisha ikaja ile siku ya Desemba. Nilimkuta karani wa mji, Fay Colburn, ameketi mezani kwa Mama na mhuri wake, Mama na Gadbois wanatia sahihi. Mama aliponiona akaisogeza sahani ya donati juu ya karatasi. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Mambo ya watu wazima." Dada, mimi nina miaka hamsini na tisa! Nikamgeukia Gadbois. Akachukua kofia yake na hakuweza kunitazama usoni. Siku hiyo ndiyo niliyokupigia nikasema amemsainisha ardhi, nawe ukasema tutafute wakili.

Habari za tarehe ishirini na nane Januari unazo, lakini nitazirudia kama nilivyokupa. Saa nne na ushee asubuhi boila lilikuwa limejaa kuni, linawaka kwa nguvu zote. Maji ya moto yakakosa njia ya kwenda kwenye matangi kwa sababu koki kubwa ya bomba lile, iliyo nyuma ya boila, ilikuwa imefungwa. Boila likachemka. Koki ya usalama ikafyatuka, chumba cha chini kikajaa mvuke. Mama alikuwa kwenye ngazi. Gadbois alimvuta akamrudisha juu, kisha akashuka mwenyewe, akapitisha mkono nyuma ya boila, akaifungua ile koki. Akababuka kuanzia vidole hadi kiwiko, na shingo upande wa kushoto. Wazimamoto wa kujitolea walipofika, mkuu wao aliuliza nani aliyefunga koki. Gadbois, ngozi inamning'inia, akasema, "Mimi. Nilikuwa nasafisha chujio, nikasahau."

Basi ikawa hivyo. Kijiji kizima kikasema tulijua, vyuma chakavu ni vyuma chakavu. Wewe ukampigia wakili. Mimi nikakuambia fanya haraka.

Sasa sikiliza yaliyofuata, ambayo sikukuambia.

Wiki mbili baadaye nilienda ofisi ya mji kuitafuta ile karatasi ya Desemba. Nilitaka niishike mkononi, nione sahihi ya Mama chini ya wizi. Nikamwambia Fay Colburn anifungulie kitabu cha ardhi. Akasema hicho sicho, akaenda kabati la nyuma akaleta kitabu cha makaburi.

Unajua lile eneo letu makaburini lina nafasi sita, na aliyelala pale ni Baba peke yake. Mama ameandikisha nafasi moja, ile ya pembeni karibu na uzio, kwa jina la Rosaire Gadbois. Ndiyo malipo yake yote. Fay aliniambia Mama alitaka kumpa fedha akakataa. Alilelewa kwenye nyumba ya yatima ya watawa, hamjui aliyemzaa, hana kaburi la mtu yeyote wa kulala kando yake. Alimwambia Mama angependa alazwe mahali ambapo watu watapita wakija kumwona mtu mwingine. Nikamuuliza Fay kwa nini walinificha. Akasema, "Mama yako alisema utakataa." Halafu akaniuliza, bila ubaya, "Ungekubali?"

Nilikifunga kile kitabu. Kweli, Gadbois alikuwa ameitamani ardhi yetu, futi tatu kwa nane.

Ungedhani hapo ningesema. Sikusema. Nilijiambia jambo limeshapita, mkono wake utapona, wakili akituma barua mzee atahama na kila mtu atasahau.

Jumapili iliyopita nilimkuta Mama ametoa sanduku la safari, lile la bluu, limefunguliwa kitandani. Akaniambia amekubali kwenda makao ya wazee, nikupigie nikuambie usigombane na mtu. Nilifurahi kwa sekunde moja, Mungu anisamehe. Kisha akafunga mlango kana kwamba kuna mtu wa kutusikia.

"Gadbois hasahau koki," aliniambia. "Huyo huzigusa moja moja kabla ya kuondoka, kama mtawa na shanga zake. Amenikingia kifua. Ni mimi niliyeifunga, Merrill. Sikumbuki kabisa kuifunga, na hilo ndilo linaloniogopesha."

Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema si upuuzi, amekuwa akijipima. Kila asubuhi hutaja ng'ombe wote wa Baba kwa mpangilio waliokuwa wakisimama zizini mwaka ule tulipowauza. Akanitajia hapo hapo, mkono juu ya sanduku, upande wa kushoto wote, upande wa kulia, akafika wa nane akakwama. Akarudi nyuma akaanza tena. Akakwama pale pale. Mama yetu, Avis, ambaye hakulia kwenye mazishi ya Baba, alikaa kitandani akalia kwa sababu ya jina la ng'ombe.

Nami nilisimama pale kama nguzo. Hata siku hiyo sikusema.

Avis, Mama hakuifunga ile koki. Gadbois hakuifunga. Niliifunga mimi.

Asubuhi ile nilipita na gari la theluji. Niliwasikia jikoni wanacheka. Sikuingia. Nilipitia banda la kuni, kando ya matangi yaliyovikwa blanketi nene za kuhifadhi joto, nikashuka chini, nikageuza mpini mwekundu robo mzunguko, nikatoka nilikoingilia. Sikutaka kumwua mtu. Nilitaka joto lisifike kwenye matangi, ili kesho yake Mama aamke kwenye nyumba ya baridi, aone vyuma vya yule mtu havifai, anipigie simu mimi. Basi. Nilitaka simu. Nililiona boila linaunguruma, nikajiambia litapoa lenyewe. Sikufikiria maji yaliyofungiwa pa kwenda hufanya nini. Hata hilo si kweli kabisa: nilifikiria kidogo, nikaendelea kutembea. Nilikuwa nimefika daraja la juu niliposikia kwenye redio ya gari wakiwaita wazimamoto, na nyumba waliyoitaja ni ile tulimozaliwa.

Nilimwambia Mama juzi, Jumanne, saa ya chakula cha mchana. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza ilikuwa saa ngapi. Nikasema saa nne na dakika kumi. Mpini gani? Mwekundu. Uligeuza upande upi? Kulia. Alinihoji kama polisi, na kila nilipojibu mgongo wake ulizidi kunyooka. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo mimi ni mzima." Sikupata tusi wala kofi, ingawa nilivingoja vyote viwili. Alichukua koti langu akanitupia. "Nenda ukamwambie. Na uende kwa miguu."

Nilivuka kijito theluji ikiwa magotini. Gadbois alifungua mlango kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado umefungwa bendeji. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama kizingitini, maana hakunikaribisha. Alinisikiliza hadi mwisho. Nilitarajia aniulize kwa nini. Hakuuliza. Alichosema, akimtaja Mama kwa jina lake, ni hiki:

"Kwa hiyo Leola kichwa chake kizima?"

Nikasema kizima.

Akarudi nyuma, akaketi kwenye benchi la kuvulia mabuti, akafunika uso kwa ule mkono mmoja. Mabega yakatikisika. Majuma matatu mazima mzee yule alikuwa anamlilia mama yangu akili yake, na akakubali jina lake lichafuke kijiji kizima ili tusije tukamhamisha. Sikujua nimshike au nifanye nini. Nikanyoosha mkono. Akaunyanyua uso, umelowa, akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Sasa toka nyumbani kwangu," akasema.

Nikatoka. Jioni nilimwendea mkuu wa wazimamoto nikamweleza naye. Kwa hiyo dukani wameshajua, na Idella hanitolei tena macho, ananirudishia chenji bila kunigusa kiganja.

Hapo ndipo tulipo, dada. Sanduku limerudi juu ya kabati. Kwa kuwa mkono wa Gadbois hauwezi kubeba kuni, Mama ameniamuru nije kila siku alfajiri niwashe boila. Anashuka na mimi, anasimama ngazini, ananitazama mikono. Nikishaondoka, Gadbois anavuka kijito anakagua koki zote baada yangu, moja moja. Jana tulikutana njiani. Nilimsalimu. Aligusa kofia kidogo sana, sijui kama ilikuwa salamu au ni upepo.

Kama bado unataka kumshtaki mtu, mwambie wakili abadilishe jina, nami sitabisha. Lakini ile karatasi ya makao ya wazee ichane, nakusihi. Na umpigie Mama umwambie kwamba kile kitabu cha makaburi umesikia habari zake na hukinung'unikii. Anaogopa jibu lako kuliko anavyokubali kusema.

Nisalimie Dwight, nisalimie watoto na wajukuu, waambie mjomba wao anawakumbuka. Usinijibu upesi kama una hasira, nitangoja. Nami naishia hapa, chumba cha chini kando ya boila, kumekucha, na juu nimeshasikia hatua za Mama zikielekea ngazini.

Mdogo wako,
Merrill